Daktari akisema "sasa ni lita nane": hofu, hesabu na maandalizi ya oksijeni ya nyumbani, Kigoma na Tabora

#1 Mwandiga Stendi

Mwakeye wadau.

Uzi huu ni wa familia zenye mgonjwa wa mapafu ambaye hospitali imempandishia oksijeni ya nyumbani kutoka lita 2 au 3 kwa dakika hadi 6, 8 au 10. Awe na makovu ya TB ya zamani, mapafu yaliyochoshwa na moshi wa kuni au wa mabani ya kukaushia tumbaku, au mapafu yanayokakamaa, hofu huwa ni zile zile. Mtaani oksijeni imebeba jina baya tangu enzi za Uviko: "akishawekwa gesi, ndio basi."

Ukisikiliza vizuri, hofu zenyewe ni tatu zimefungwa furushi moja. Kwamba lita nyingi ni siku chache. Kwamba mwili utazoea gesi na hautaiacha tena. Na kwamba umeme utakatika saa nane usiku. Mbili za kwanza zinajibika kwa maelezo. Ya tatu haimalizwi kwa kumwambia mtu "usijali". Inamalizwa kwa mtungi uliofungwa tayari, na karatasi ukutani inayosema utadumu saa ngapi. Wenye ujuzi karibuni, toeni namba.

#2 Sista Zamu ya Usiku

Nianze na hizo mbili, ni nyepesi.

Lita unazosoma kwenye kipimo ni kasi ya gesi inayotoka kwenye mashine. Hazisemi mapafu yamebaki kiasi gani. Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kwa kasi inayofika kama lita 30 kwa dakika pale anapoanza kuvuta pumzi. Ukimpa lita 8 kwa mrija wa puani, zinazobaki anazivuta kutoka chumbani, hewa yenye oksijeni asilimia 21. Ndiyo maana mgonjwa wa lita 8 havuti oksijeni tupu, anavuta mchanganyiko. Lita 1 puani hufikisha takriban asilimia 24, na kila lita ya ziada huongeza karibu asilimia 4, kwa hiyo lita 6 ni kama 44. Hayo ni makadirio, hutegemea anavyopumua.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mgonjwa akiingiwa hofu akahema haraka, anavuta hewa nyingi zaidi ya chumba, na oksijeni ile ile inazimuliwa. Mashine haijabadilika, lita hazijabadilika, ila kinachofika kifuani kimepungua. Hofu hufupisha pumzi, na pumzi fupi huzidisha hofu. Nitarudi hapo.

Kuzoea: oksijeni si kilevi. Anayeihitaji anaihitaji kwa sababu damu yake ina upungufu, kama mwenye macho mabovu na miwani. Kigezo kinachotumika sana cha kuanzishiwa kwa muda mrefu ni oksijeni ya damu kuwa asilimia 88 au chini akiwa ametulia, au kipimo cha damu ya ateri kuonyesha presha ya oksijeni ya 55 mmHg au chini. Tafiti mbili za zamani, ya Marekani (1980) na ya Uingereza (1981), zilionyesha kuwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba wenye upungufu wa kiwango hicho huishi muda mrefu zaidi wakiitumia angalau saa 15 kwa siku. Anayeivua ili "asizoee" anajinyima dawa.

Halafu msichanganye: ile mashine ya wodini inayopuliza hewa ya moto yenye unyevu lita 30 hadi 60 ni kitu kingine kabisa. Nyumbani tunazungumzia lita 6 hadi 10.

#3 Fundi Vifaa Tiba KGM

Upande wa mashine.

Konsentreta, yaani hiyo mashine ya nyumbani, haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumba, inaisukuma kwenye mitungi miwili ya ndani yenye chembe za zeolaiti zinazokamata naitrojeni, na kutoa gesi yenye oksijeni asilimia 90 hadi 96. Zipo za lita 5 na za lita 10. Ya lita 5 hula umeme wati 350 hivi, ya lita 10 karibu wati 600. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, Tabora kama 1,200, kwa hiyo mwinuko hauzipunguzii nguvu mashine nyingi.

Mgonjwa wa lita 8 ana njia mbili: mashine moja ya lita 10, au mbili za lita 5 zilizounganishwa kwa kiungo cha Y, kila moja ikiwa kwenye 4. Mimi kwa mkoa kama wetu nashauri mbili. Zinakula umeme zaidi kidogo (wati 700 badala ya 600), lakini moja ikifa unabaki na lita 4 wakati unakimbilia mtungi. Ile moja kubwa ikifa unabaki na sifuri. Kiungo cha Y kikae kabla ya chupa ya maji inayotia gesi unyevu, chupa iwe moja tu, ya aina inayohimili lita nyingi.

Mrija wa puani wa kawaida mwisho wake ni lita 6. Juu ya hapo omba mrija mpana wa mtiririko mkubwa, au barakoa. Barakoa ya kawaida isishushwe chini ya lita 5, maana hewa chafu aliyotoa itabaki ndani na ataivuta tena. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15. Mfuko ukinywea kila akivuta, lita hazitoshi.

Mrija mrefu usizidi mita 15. Kitu kinachosumbua kuliko vyote ni kifuniko cha chupa ya maji kilichofungwa upande: gesi yote inavujia hapo, na goroli ya kipimo bado inasoma 8. Jaribio: bana mrija kwa vidole. Chupa nzima itapiga filimbi au kutoa sauti ya "pop". Isipopiga, kuna uvujaji. Kisha chovya ncha za puani kwenye glasi ya maji uone mapovu. Mapovu yanathibitisha gesi inafika, hayathibitishi usafi wake. Usafi unapimwa kwa kifaa, na mashine nzuri huwasha taa na kulia ukishuka chini ya asilimia 82.

#4 Kaliua Asali

Mwangaluka. Wakuu, mmesahau Luku. Hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi huku kwetu. Mzee yuko kwenye lita 8, nyumba ina mita ya wale wa uniti 75.

#5 Mwandiga Stendi

Hesabu ni hii. Wati 600 mara saa 24 ni uniti 14.4 kwa siku. Uniti 75 za mwezi kwa bei nafuu zitakwisha siku ya sita, baada ya hapo mteja anahamia bei ya kawaida. Kwa takriban Sh 356 kwa uniti, hiyo ni kama Sh 5,100 kwa siku, zaidi ya Sh 150,000 kwa mwezi, kwa mashine peke yake, na bado kodi ya jengo inakatwa humo humo. Mashine mbili za lita 5 ni uniti 16.8, karibu Sh 6,000 kwa siku. Ukoo ukae kikao mapema, hela igawanywe kwa wiki, si kwa mwezi. Anayechangia mara moja kwa mwezi husahau, wa kila Jumamosi hasahau.

Mbinu moja ndogo: nunua tokeni ya uniti 30 uiandike kwenye daftari bila kuiingiza. Mtandao wa kununulia ukigoma usiku, unabonyeza namba zako tu.

#6 Katubuka Original

Mimi naona mnazungusha. Mtungi mkubwa wa oksijeni wa mafundi wa kuchomelea ni gesi ile ile, unapatikana gereji yoyote. Unafunga geji, unaweka mrija, kazi kwisha.

#7 Fundi Vifaa Tiba KGM

@Katubuka hapana, na usimpe mtu ushauri huo. Gesi inaweza kuanzia kiwanda kimoja, lakini mtungi wa gereji haufuati utaratibu wa usafishaji wa ndani wala kumbukumbu ya alikopita. Unaweza kuwa na mabaki ya gesi nyingine, kutu au mafuta. Geji yake nayo imetengenezwa kwa presha ya kazi ya chuma, haina kipimo cha lita kwa dakika, na imeshikwa na mikono yenye grisi. Grisi na oksijeni ya presha huwaka bila kiberiti.

Huku Kigoma naongezea: mikono yenye mawese isiguse vali. Anayekaanga migebuka jikoni akaitwa kufungua mtungi anawe kwa sabuni akauke kwanza. Usipake mafuta, usifunge utepe wa mabomba, usitumie nyundo. Mtungi wa hospitali unachukuliwa hospitalini au kwa muuzaji wa gesi ya tiba. Ulizieni hospitali za Maweni (Kigoma) na Kitete (Tabora) utaratibu wa kujaza na wa kuazima, kabla hamjauhitaji.

#8 Urambo Kaskazini

Mtungi unadumu muda gani kwa lita 8? Kila muuzaji anataja namba yake.

#9 Fundi Vifaa Tiba KGM

Usimuulize muuzaji, soma geji. Ujazo wa maji wa mtungi (umegongwa shingoni, mfano 10 au 47) mara presha kwa bar, gawa kwa lita kwa dakika. Toa bar 10 za akiba. Geji ikiwa ya psi, gawa kwa 14.5 upate bar.

Mtungi wa 10 uliojaa bar 137: (137 − 10) × 10 = lita 1,270. Kwa lita 8 ni dakika 158, yaani saa 2 na dakika 38. Mtungi mkubwa wa 47 ukiwa umebaki bar 100: 90 × 47 = lita 4,230, kwa lita 8 ni saa 8 na dakika 48. Andika jibu kwenye utepe, ubandike mtungini. Familia nyingi zinaamini mtungi mdogo unafika asubuhi. Haufiki.

Kufunga: simamisha mtungi, ufunge kwa mnyororo ukutani. Fungua vali robo mzunguko kwa sekunde moja, vumbi litoke, funga. Angalia washa (kipete cha kuzibia) ya regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha, ipo na haijapasuka. Kaza kwa mkono kisha spana kidogo. Simama pembeni, fungua polepole. Ukisikia inavuja, funga vali, shusha presha, toa, safisha, rudia. Usikaze huku kuna presha. Spana ifungwe kamba kwenye mtungi wenyewe, maana siku ya shida spana huwa kwa jirani.

Na umeme ukirudi: konsentreta inahitaji dakika 5 hadi 10 kufikisha usafi wake. Mwache mgonjwa kwenye mtungi muda huo, ndipo umhamishe.

#10 Kaliua Asali

Inveta je? Kuna anayesema betri moja inatosha.

#11 Mwandiga Stendi

Haitoshi. Betri ya 12V 200Ah ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Za maji au jeli usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 1,200. Mashine ya wati 600 kupitia inveta inavuta kama 700. Ni saa 1 na dakika 40. Betri nne ni karibu saa 7. Inveta iwe ya wimbi safi, 2 kVA, kwa sababu mota ikiwaka inavuta mara mbili tatu kwa sekunde chache. Inveta za bei rahisi zenye wimbi la ngazi huchemsha mota. Kumbuka pia betri nne hazijai kwa saa mbili: umeme ukikatika usiku mbili mfululizo, wa pili unakukuta na nusu. Kwa hiyo inveta haiondoi mtungi.

Jenereta ikae nje, bomba la moshi liangalie mbali na madirisha. Kasulu na Kibondo ziliingia gridi ya taifa Oktoba 2022 na wengi wakauza majenereta. Mwenye mgonjwa wa lita 8 asiuze.

Umeme mdogo wa saa mbili usiku, taa zikififia, ni adui mwingine: mashine inalia na kuzima. Stabilaiza ya 2 kVA inasaidia. Chomeka ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni ya TV na friji.

#12 Isevya Mtaa wa Pili

Vumbi la Tabora wakuu, hasa Julai hadi Oktoba. Chujio la sponji la nyuma lioshwe mara mbili kwa wiki kwa maji na sabuni, likamuliwe, likauke kivulini. Usilirudishe bichi, unyevu unaua zeolaiti. Nunua mawili yapokezane. Chujio la ndani halioshwi, linabadilishwa. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, si nyuma ya pazia, si jikoni. Ile ya wati 600 inapasha chumba kama pasi iliyosahaulika, kwa hiyo dirisha wazi. Ya akiba iwashwe nusu saa kila wiki, ikikaa kimya miezi utaikuta imelewa unyevu.

Maji ya chupa: yaliyochemshwa na kupoa, au ya kutoneshwa, yabadilishwe kila siku na chupa ioshwe. Usiku wa baridi ya Juni mvuke hugeuka matone ya maji ndani ya mrija, mgonjwa anasikia gulugulu puani na kuogopa. Chomoa mrija, kung'uta, rudisha.

Na anayeletewa mashine ya mtumba kutoka Marekani asome kibao cha nyuma: 115V 60Hz ukiichomeka kwetu moja kwa moja inaungua.

#13 Katubuka Original

Nimekubali la mtungi. Lakini mgonjwa akisema anakosa hewa, si unamwongezea tu lita? Oksijeni haijawahi kumdhuru mtu.

#14 Sista Zamu ya Usiku

Imewadhuru. Wengi wenye mapafu yaliyoziba kwa miaka hulimbikiza kaboni dayoksaidi, na oksijeni ya kupita kiasi huizidisha. Dalili ni kichwa kuuma asubuhi, usingizi mzito mchana, kuchanganya maneno. Wagonjwa wa aina hiyo hupangiwa lengo la oksijeni ya damu la asilimia 88 hadi 92, na kuona 91 si dharura kwao. Daktari akuandikie namba tatu: akiwa amekaa, akitembea, akilala, pamoja na lengo lake la kipimo cha kidoleni. Bila karatasi hiyo mnaendesha gari bila usukani.

Akisema anakosa hewa, fuata mrija kwanza: umekunjwa chini ya mguu wa kitanda? Chupa imefungwa sawa? Mashine inalia? Kisha kidole. Kipimo cha kidoleni hudanganywa na mkono wa baridi, rangi ya kucha, na piko. Pakeni vidole vingine, acheni kimoja bila rangi. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo angalia mwenendo wa siku, na mwangalie mtu. Na jiko la mkaa likiwa ndani, kipimo hakitofautishi sumu ya moshi na oksijeni: kitasema 97 huku mtu anakufa.

Kipimo kikiwa kwenye lengo lake na bado anahema, hiyo ni hofu au uchovu wa misuli, nayo ina tiba. Akae, aegemee mbele, viwiko juu ya meza au mto. Avute kwa pua akihesabu mbili, atoe kwa midomo iliyobanwa akihesabu nne, kama anapoza uji. Kutoa ndiyo kazi, kuvuta kutakuja kwenyewe. Feni ndogo ya mkononi au upepeo, kama sentimita 20 kutoka shavuni na puani: upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa hata kipimo kisipobadilika. Anayemhudumia apumue naye kwa sauti, asipige kelele "pumua baba, pumua!" Dakika tano hadi kumi. Hofu ya kila usiku ipelekwe kliniki. Madaktari wa tiba shufaa (ya kupunguza mateso) wanaweza kutoa morfini ya maji kwa dozi ndogo, na haina maana kwamba mgonjwa anaagwa.

Ila midomo ikibadilika rangi, akashindwa kumaliza sentensi, akawa mzito kuamka, au kipimo kikabaki chini ya lengo dakika 10 baada ya kukagua kila kitu, hiyo si hofu. Anza safari ya hospitali, na mtungi upande naye garini.

#15 Urambo Kaskazini

Sista asante. Moja la aibu kidogo: choo. Chetu ni cha kuchuchumaa, kiko uani, mrija haufiki.

#16 Sista Zamu ya Usiku

Hakuna aibu, na hapo ndipo wanapozidiwa wengi. Kuchuchumaa hubana tumbo na kifua, kusukuma hubana pumzi, na ameshavua mrija. Seremala akate kiti imara chenye tundu, ndoo chini, kikae chumbani. Gharama ndogo kuliko kifaa chochote mlichotaja humu. Dawa ya kulainisha choo iombwe kliniki. Kuoga akae kwenye stuli, maji ya vuguvugu, mlango wazi kidogo, mrija puani. Kama daktari ameandika namba ya akitembea, iwekwe dakika 5 kabla hajainuka, irudishwe akishatulia.

#17 Isevya Mtaa wa Pili

Ya moto hamjayagusa. Oksijeni haiwaki yenyewe, ila inakaa kwenye shuka, nguo na ndevu, na cheche ndogo inakuwa mwali. Sigara marufuku nyumba nzima, mtu asiseme "navuta mlangoni". Jiko, koroboi na mshumaa vikae mita 3 angalau. Wengi wanasahau dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani: vyote vitoke, lala na chandarua, mashine ibaki nje ya chandarua. Puani na midomoni usipake mafuta ya mgando, tumia jeli ya maji ya duka la dawa. Anapovua mrija, zima kwanza, usiuache unapuliza godoroni.

#18 Urambo Kaskazini

Kiti tumeagiza. Swali la mwisho: mtungi wetu shingoni umegongwa 40, geji inasoma psi 1,500, mzee yuko lita 6 akilala.

#19 Fundi Vifaa Tiba KGM

1,500 gawa kwa 14.5 ni bar 103. Toa 10, ni 93. Mara 40 ni lita 3,720. Gawa kwa 6 ni dakika 620: saa 10 na dakika 20. Usiku mmoja mnafika. Wa pili hamfiki, peleka ujazwe kesho.